Kukamata Rahisi, Kuachanisha Kazi

Katika kijiji cha Ikama, wilayani Rungwe, hewa ukaa huchimbwa na kuuzwa. Inapanda yenyewe kutoka chini ya ardhi ya volkeno, inasafishwa, inakaushwa, inagandamizwa mpaka inakuwa kimiminika, kisha kampuni ya TOL Gases inaipakia kwenye matangi na kuwapelekea watengenezaji wa soda na bia. Kenya nako, kampuni ya Carbacid imefanya biashara hiyo hiyo kwa miongo mingi katika msitu wa Kereita, kaunti ya Kiambu, na hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Wakati huo huo, huko Norwei, watu wanalipa fedha nyingi ili gesi ya aina ile ile ifukiwe chini ya bahari isionekane tena.

Msikilizaji ana haki ya kuuliza: ikiwa kuna anayenunua na kuna anayetupa, mbona hawakutani?

Hawakutani kwa sababu kinachotoka kwenye dohani za viwanda si hewa ukaa. Ni moshi, na moshi ni mchanganyiko. Katika kituo cha umeme cha makaa ya mawe, hewa ukaa ni asilimia 12 hadi 15 tu ya moshi wote. Katika mtambo wa gesi asilia inashuka hadi asilimia 3 au 4. Katika hewa tunayoivuta ni asilimia 0.04. Kilichobaki, kwa sehemu kubwa, ni nitrojeni ambayo haina kosa lolote. Mtengeneza soda haitaki, na anayefukia gesi ardhini hawezi kumudu gharama ya kuigandamiza pamoja na hewa ukaa. Lazima gesi hizo mbili ziachanishwe kwanza, na kuachanisha ndiyo kazi ambayo wahandisi wa kemikali wamekuwa wakiifanya tangu fani yao ipate jina.

Magazeti hupenda kuzungumzia kukamata hewa ukaa, na neno hilo linapotosha kidogo. Kukamata si tatizo. Kemikali nyingi za bei nafuu huinasa gesi hii mara tu zinapogusana nayo. Chokaa mbichi ya ukutani hufanya hivyo bila kuagizwa na mtu. Tatizo ni kukifanya kile kilichokamata kiachie, haraka na kwa nishati ndogo, ili kikamate tena kesho na keshokutwa, maelfu ya mara, bila kuharibika. Karibu kila utafiti mkubwa wa gesijoto katika maabara za uhandisi leo, ukiuchimba vizuri, ni utafiti wa kuachia.

Ufumbuzi wa kwanza ni mzee kuliko hofu yenyewe ya tabianchi. Mwaka 1930 Robert Bottoms, Mmarekani, alipewa hataza ya kuosha gesi kwa mmumunyo wa amaini, kemikali za ukoo wa amonia ambazo hushikana upesi na gesi zenye asili ya asidi. Siku hizo wenye viwanda walikuwa na haja moja tu, nayo ni kuondoa uchafu kwenye gesi asilia na haidrojeni. Mpangilio wa mitambo haujabadilika sana tangu hapo. Gesi inaingizwa chini ya mnara mrefu na kupanda; mmumunyo unamiminwa kutoka juu na kushuka. Vinapopishana, amaini inaidaka hewa ukaa na kuiacha nitrojeni ipite zake. Hapo joto ni nyuzi 40 hivi. Mmumunyo uliokwishashiba unapelekwa kwenye mnara wa pili, unachemshwa kwa mvuke mpaka nyuzi 120 hivi, hewa ukaa inachomoka ikiwa safi, na amaini tupu inapozwa na kurudishwa mnara wa kwanza.

Mnara wa pili ndio unaokula fedha.

Amaini iliyozoeleka zaidi, monoethanolamaini, hutumiwa ikiwa asilimia 30 ya mmumunyo. Asilimia 70 zilizobaki ni maji. Kwa hiyo anayechemsha amaini anachemsha pia maji ambayo hayakukamata chochote, na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke na kuondoka na joto lake. Hesabu ya kawaida ni gigajuli 3.5 hadi 4 za joto kwa kila tani ya hewa ukaa. Kanuni za maumbile zenyewe, kwa moshi wa makaa, hazidai hata gigajuli 0.2 za kazi. Mhandisi mwangalifu hatazilinganisha namba hizo mbili kavukavu, maana joto la nyuzi 120 si sawa na umeme. Lakini hata akishazigeuza ziwe za aina moja, mtambo halisi bado unatumia mara kadhaa ya kile ambacho maumbile yanadai. Katika pengo hilo ndimo watafiti wanamopatia riziki.

Mtu anaweza kupendekeza maji yapunguzwe. Yakipunguzwa, amaini kali inakula chuma cha minara. Tena oksijeni iliyomo kwenye moshi inaivunjavunja kemikali yenyewe, na salfa iliyobaki inaifunga isiweze kufanya kazi. Gary Rochelle wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi katika jambo hili moja. Yeye na wanafunzi wake walielekea kwenye piperazini, amaini inayodaka haraka zaidi na kustahimili joto kubwa zaidi bila kuvunjika, na pamoja na mpangilio mpya wa mnara wa pili wakaweza kushusha hitaji la joto hadi chini ya gigajuli 2.5 kwa tani. Si habari ya ukurasa wa mbele. Ni miaka mingi ya kuchemsha, kupima, na kuchemsha tena.

Kilichotokea kazi hii ilipotoka maabara kwenda kiwandani kinastahili kuangaliwa bila huruma. Oktoba 2014, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, shirika la umeme la SaskPower lilizindua mtambo wa Boundary Dam, wa kwanza duniani wa kibiashara wa aina hii kufungwa kwenye kituo kikubwa cha makaa. Uligharimu dola za Kanada zipatazo bilioni 1.5. Ulikusudiwa kukamata tani milioni moja kwa mwaka. Majivu laini ya makaa yakapenya mahali yasipotakiwa, amaini ikaharibika upesi kuliko ilivyotarajiwa, vifaa vikahitaji kufumuliwa na kufungwa upya, na kwa miaka mingi mavuno yamekuwa chini ya lengo. Tena sehemu kubwa ya hewa ukaa iliyokamatwa iliuzwa kwa wachimbaji ili waisukume ardhini kufukuza mafuta yaliyobaki kwenye visima. Wanaoutetea wanasema bila mnunuzi huyo mtambo usingejengwa. Ni kweli, na ndilo jambo la kusikitisha.

Kwa upande wa pili, katika Bahari ya Kaskazini, eneo la Sleipner lilianza kufukia mwaka 1996, na kwa miaka mingi lilifukia karibu tani milioni moja kwa mwaka bila kelele. Siri yake haiko kwenye kemia bora. Gesi asilia ya pale hutoka ardhini ikiwa na hewa ukaa asilimia 9 hivi, na wanunuzi hawakubali zaidi ya asilimia 2.5, kwa hiyo kuachanisha kulikuwa lazima, tabianchi au si tabianchi. Gesi hiyo hutoka ikiwa na mgandamizo mkubwa, jambo linalorahisisha kazi ya amaini. Kisha Norwei ilikuwa imeweka kodi ya kaboni mwaka 1991, na kufukia kukawa nafuu kuliko kuachia hewani. Ruzuku nene ya serikali hiyo hiyo ndiyo iliyozaa mtambo wa kiwanda cha saruji cha Brevik, uliozinduliwa Juni 2025 kukamata tani 400,000 kwa mwaka, takriban nusu ya zote zinazotolewa na kiwanda. Saruji ni kesi ngumu: sehemu kubwa ya hewa ukaa yake hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, hata tanuri likiwashwa kwa jua. Kiwanda hicho ni cha Heidelberg Materials, ambao pia ndio wenye hisa nyingi katika saruji ya Twiga ya Wazo Hill, Dar es Salaam. Wazo Hill hakuna mtambo wa aina hiyo, na hakuna kodi ya kuulazimisha.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi, hata hivyo, hauko Ulaya wala Amerika. Uko Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo.

Ziwa hili lina kina cha mita 485 mahali penye kina kirefu kuliko pote. Kuanzia mita 260 hivi kwenda chini, maji ni mazito kwa chumvi na gesi zilizoyeyuka, wala hayapandi kuchanganyika na ya juu. Humo mna hewa ukaa ya kilomita za ujazo zipatazo 300 na methani ya kilomita za ujazo zipatazo 60, zikihesabiwa kana kwamba zimetolewa na kuachwa zitanuke juu ya ardhi. Wakazi wa Goma wanaijua hewa ukaa kwa karibu kuliko maprofesa wengi: ikivuja ardhini hujikusanya mabondeni, wao wanaita mazuku, na mbuzi au mtoto anayeshuka humo asubuhi kusipokuwa na upepo huenda asirudi. Hofu ya ziwa ni kubwa zaidi. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana likilinganishwa na Kivu, lilitapika hewa ukaa yake na kuua watu zaidi ya 1,700. Kando ya Kivu wanaishi watu zaidi ya milioni mbili.

Methani ni nishati. Hewa ukaa hapa ni mzigo. Zimeyeyuka pamoja katika maji yale yale, na ya pili ni mara tano ya ya kwanza. Namna wahandisi wanavyoziachanisha inafaa kufundishwa darasani mwaka wa kwanza.

Bomba linateremshwa karibu mita 350. Maji yakishaanza kupanda, mgandamizo unapungua, mapovu yanatokea, na mapovu hayo yanayainua maji yenyewe. Pampu inahitajika kuanzisha tu. Ni chupa ya soda iliyofunguliwa, ila chupa hii ni ziwa. Juu ya bomba kuna chumba cha kutenganishia, na hapo ndipo akili inapotumika. Hewa ukaa huyeyuka majini kwa urahisi zaidi ya mara ishirini kuliko methani, kwa hiyo maji yanapopanda, methani ndiyo inayotangulia kukimbia. Ukikiweka chumba karibu sana na uso wa ziwa, methani yote inatoka, lakini hewa ukaa inafurika nayo. Ukikiteremsha chini zaidi, hewa ukaa nyingi inabaki majini, ila na methani kiasi inabaki humo na kurudi ilikotoka. Kila mita ni mapatano kati ya hasara mbili. Gesi inayopatikana bado ina hewa ukaa nyingi, kwa hiyo inapitishwa kwenye minara na kuoshwa kwa maji matupu ya ziwa. Hewa ukaa inayeyuka tena, methani inapita, na sasa inafaa kuwasha injini.

Hivyo ndivyo ulivyo mtambo wa KivuWatt, tishari linaloelea nje ya Kibuye, uliozinduliwa rasmi Mei 2016 ukiwa na uwezo wa megawati 26. Wazo halikuwa jipya. Tangu miaka ya 1960 mtambo mdogo wa Cap Rubona ulikuwa ukipeleka gesi ya ziwa kwenye kiwanda cha bia cha Gisenyi.

Angalia kile ambacho hakipo katika maelezo hayo: hakuna mvuke wa nyuzi 120. Maji hayakuungana na hewa ukaa kwa kemia, yaliimeza tu kwa nguvu ya mgandamizo, na mgandamizo ukiondoka yanaitema. Kuachia ni bure. Basi kwa nini dohani za makaa zisioshwe kwa maji tu, amaini ikaachwa? Kwa sababu moshi hutoka ukiwa na mgandamizo wa kawaida, na hewa ukaa ndani yake ni sehemu ndogo. Maji yangemeza kidogo mno, na ingebidi kupitisha mto mzima kwenye mnara. Kivu kina zaidi ya angahewa thelathini za mgandamizo kule chini, na hakuna aliyezilipia. Kinachodaka kwa ulegevu huachia kwa urahisi. Kinachong'ang'ania hudai joto. Mtafiti anatafuta kitu kilicho katikati, na katikati yenyewe inahama kulingana na gesi anayopewa.

Kivu pia kinaonyesha kwamba mahali pa kurudisha mabaki ni suala la uhandisi kama lilivyo suala la kutoa. Maji yaliyokwisha kutolewa gesi yakimwagwa mahali pasipofaa yanaweza kuvuruga matabaka yanayoizuia gesi iliyobaki. Ndiyo maana mwaka 2009 wataalamu waliandaa masharti ya pamoja kwa ajili ya Rwanda na Kongo kuhusu kina cha kuchotea na kina cha kurudishia. Mwaka 2005 watafiti walikuwa wamedokeza kwamba methani ziwani inaongezeka haraka. Vipimo vipya vilivyochapishwa 2020 havikuona ongezeko hilo. Ziwa halina haraka iliyodhaniwa. Hilo linawapa wahandisi muda, ingawa wanaouza umeme huenda wangependa sababu ya kuharakisha.

Kwa moshi na hewa ya kawaida, matumaini ya siku hizi yamehamia kwenye vitu vigumu badala ya vimiminika: unga wenye matundu madogo kiasi cha kupokea molekuli moja moja. Hakuna maji ya kuchemsha bure. Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa fuwele za aina hii, zilizojengwa kwa vifundo vya metali vilivyounganishwa kwa molekuli za kaboni. Fuwele nyingi kati ya hizo zina kasoro moja inayozinyima ajira: moshi una unyevu, na maji hugombania matundu yale yale na kushinda. Ndiyo maana ile iitwayo CALF-20, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Calgary na kutangazwa 2021, ilipokelewa vizuri viwandani kuliko nyingine zenye sifa za kuvutia zaidi karatasini. Inatengenezwa kwa zinki na viungo vya bei nafuu, inaendelea kudaka hewa ukaa hata kukiwa na unyevunyevu, na inaachia kwa mvuke bila kusambaratika. Mwaka 2024 kikundi cha Yaghi kilitangaza unga mwingine, COF-999, na kukadiria kwamba gramu 200 zake zinaweza kutoa hewani kilo 20 za hewa ukaa kwa mwaka. Maabara ni maabara. Boundary Dam nao ulikuwa na hesabu nzuri.

Kutoa hewa ukaa moja kwa moja hewani ndiko mjadala ulikochemka zaidi, tangu Klaus Lackner alipolipendekeza wazo hilo mwaka 1999. Watu wengi husikia asilimia 0.04 na kudhani kazi itakuwa ngumu mara mia tatu kuliko kwenye dohani. Kanuni za maumbile ni za upole zaidi: kiwango cha chini cha nishati ni karibu mara tatu tu ya kile cha moshi wa makaa. Ugumu uko kwingine. Ili kupata tani moja ya hewa ukaa, lazima upitishe hewa isiyopungua mita za ujazo milioni 1.3, na feni zina bili ya umeme. Tena kwa kuwa gesi ni chache, kichujio lazima kiwe king'ang'anizi, na king'ang'anizi hakiachii bila joto. Mtambo wa Orca wa kampuni ya Climeworks, uliofunguliwa Iceland mwaka 2021, ulijengwa kwa uwezo wa tani 4,000 kwa mwaka. Dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 37 kwa mwaka kutokana na makaa, mafuta na gesi. Bei bado ni mamia ya dola kwa tani, na mara nyingine inapita 1,000.

Iceland ilichaguliwa kwa sababu mbili, na zote mbili zipo Bonde la Ufa. Ya kwanza ni jotoardhi: vichujio hivi huridhika na nyuzi 80 hadi 100, joto ambalo vituo vya umeme wa jotoardhi mara nyingi hulitupa. Ya pili ni basalti. Mradi wa Carbfix uliyeyusha hewa ukaa majini, ukaipeleka kwenye miamba hiyo ya volkeno, na mwaka 2016 ukaripoti kwamba asilimia 95 ilikuwa imegeuka mawe ndani ya miaka miwili. Kwa sababu hizo kampuni ya Octavia Carbon ya Nairobi, iliyoanzishwa 2022, imeweka mitambo yake Gilgil, karibu na mashamba ya jotoardhi ya Naivasha. Wakosoaji wanauliza kwa nini nchi ambayo mamilioni ya watu wake hawana umeme itumie nishati kusafisha uchafu wa wengine. Jibu la kwamba joto hilo lingepotea tu ni sahihi kwa sehemu. Feni haziendi kwa joto, na kila kilowati zinayoitumia ingeweza kwenda kijijini.

Kuna swali jingine ambalo halisemwi sana kwenye mikutano ya wawekezaji, nalo ni la maji. Njia ya Carbfix hutumia takriban tani 25 za maji kwa kila tani ya hewa ukaa inayofukiwa. Iceland wana mvua, na wamekwisha kuanza majaribio ya kutumia maji ya bahari. Gilgil iko mbali na bahari, na Ziwa Naivasha lina wadai wengi: wakulima wa maua, wavuvi, wafugaji, mji wenyewe. Njia inayoonekana wazi ni kutumia maji ya chumvi ambayo vituo vya jotoardhi vya Olkaria hutoa pamoja na mvuke na kuyarudisha ardhini. Maji hayo yana silika nyingi, na yakipoa silika huganda ndani ya mabomba na kuyaziba. Hewa ukaa ikiyeyushwa humo huyafanya yawe na asidi, na asidi huchelewesha kuganda huko lakini hula chuma. Uwiano upi unafaa, kwa joto gani, na kwa bomba la metali ipi, ni kazi ya maabara na ya kisima cha majaribio, mita kwa mita, katika miamba ya hapo hapo.